Manowari Iliyolala Ribadeo

Kabla ya kuiona Bahari ya Hindi, meli ya kivita ya Kenya, KNS Jasiri, ilikaa miaka mingi imefungwa gatini Ribadeo, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Hispania. Mkataba wake ulitiwa saini 2003 baina ya serikali na kampuni ya Euromarine, kwa bei ya Sh4.1 bilioni. Ilitarajiwa kufika 2005. Ilitia nanga Mtongwe, Mombasa, mwishoni mwa Agosti 2012.

Si dhoruba iliyoichelewesha. Meli hiyo ilikuwa katika orodha ya kandarasi 18 za Anglo Leasing, kashfa ya ununuzi wa serikali ambayo ilimfanya John Githongo, aliyekuwa mshauri wa Rais katika vita dhidi ya ufisadi, akimbilie Uingereza. Serikali ilisitisha malipo, muuzaji akaing'ang'ania meli, mawakili wakaingia kazini. Fedha nyingi zilikuwa zimekwishalipwa. Chombo kikabaki pale, kipya, kikipigwa na mvua za Hispania.

Na miaka yenyewe haikuwa ya kawaida. Kuanzia 2008 maharamia wa Kisomali walitamba kutoka Ghuba ya Aden hadi maji ya Ushelisheli, na meli za mizigo zilizokuwa zikielekea Mombasa zikawa windo lao. Septemba 2011 watalii Waingereza walivamiwa Kiwayu, huko Lamu, mume akauawa na mke akatekwa. Wiki chache baadaye, mwanamke Mfaransa akachukuliwa Manda usiku na kupelekwa Somalia kwa mashua. Hoteli za Malindi na Watamu, ambazo haziko mbali sana na Lamu katika macho ya mtalii anayetazama ramani akiwa Ulaya, zilionja uchungu wa mashambulizi hayo. Oktoba mwaka huo huo jeshi la Kenya likavuka mpaka kuingia Somalia. Wakati wote huo, meli iliyonunuliwa ili kulinda pwani ilikuwa imefungwa kambani upande mwingine wa dunia.

Hapa lazima haki itendeke kwa wanajeshi. Kifaa kutotumika si kosa kila mara. Nchi hununua mizinga ikiomba isije ikaitumia, kama vile zahanati inavyoweka dawa ya sumu ya nyoka. Silaha isiyofyatuliwa si hasara. Isiyofyatulika ndiyo hasara. Hata kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, majukwaa ya chuma ya San Marco yamesimama baharini bila kurusha roketi tangu 1988, lakini yalifanya kazi yaliyojengewa. Setilaiti 9 ziliruka kutoka hapo, mojawapo ikipewa jina Uhuru kwa kuwa ilirushwa siku ya Jamhuri, Disemba 12, 1970. Chuma kile kilistaafu. Jasiri ililala kabla ya kuajiriwa.

Kisa hicho hakiko peke yake. Mwaka 2010 Kamati ya Bunge ya Ulinzi, chini ya Adan Keynan, ilihoji ununuzi wa ndege 15 za F-5 zilizokwisha kutumiwa na jeshi la anga la Jordan, pamoja na magari ya kivita kutoka Afrika Kusini. Wabunge walitaka kujua kwa nini mlipa ushuru anauziwa ndege kuukuu. Wizara ilijitetea, mabishano yakapamba moto magazetini, kisha yakafifia.

Majirani nao wamepitia humo humo. Mwaka 1998 Uganda iliagiza helikopta za Mi-24 kutoka Belarus, na zilizofika zikagunduliwa kuwa mbovu, hazifai kuruka. Tume ya Jaji Julia Sebutinde ilisikia jinsi Jenerali Salim Saleh, ndugu ya Rais Museveni, alivyoahidiwa dola 800,000 za kamisheni. Tanzania nayo ilinunua rada ya BAE kwa pauni milioni 28, ingawa wataalamu wa usafiri wa anga waliotumwa na Benki ya Dunia walionya kwamba bei ni kubwa mno kwa mahitaji ya nchi. Rada ile angalau iliwarudishia Watanzania kitu: baada ya kesi ya Uingereza iliyokwisha 2010, BAE ililipa karibu pauni milioni 30, na fedha hizo zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Kwa Kenya na Anglo Leasing mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2014 ilikuwa yenyewe ndiyo inayolipa, Sh1.4 bilioni, kwa kampuni mbili za Anglo Leasing zilizoishinda mahakamani ng'ambo, ili nchi iweze kuuza dhamana zake katika soko la kimataifa.

Wakazi wa Adu, huko bara ya Magarini, wanaijua harufu ya ubadhirifu bila kufika Hispania. Jirani yao ni Galana-Kulalu, ambako mwaka 2014 serikali ilianza shamba la mfano la ekari 10,000 kwa takriban Sh7 bilioni, katika ndoto ya kunyunyizia maji ekari milioni moja. Mkandarasi wa Israeli, Green Arava, aliondoka 2019 kazi ikiwa haijakamilika, huku wenyeji wakiendelea kungoja chakula cha msaada kila kiangazi kinapokaza.

Lakini Galana ilisemwa. Wabunge walikwenda wakatazama, wanahabari walipiga picha mabomba na mahindi, Mkaguzi Mkuu akaandika. Mchungaji wa Adu angeweza kuona kwa macho yake kama maji yanatoka. Tofauti iko hapo. Shamba halina mlango wa chuma wenye bango la kukataza kupiga picha.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu vyombo vya usalama kununua vitu vya siri kwa orodha inayoidhinishwa na Baraza la Mawaziri. Siri hiyo ina maana yake: adui hatakiwi kujua rada inaona umbali gani wala ghala liko wapi. Ila hakuna adui anayefaidika akijua kwamba meli imelipiwa na haijafika. Anayefichwa hapo ni mwenye fedha, anayekatwa ushuru wa petroli, sukari na muda wa maongezi wa simu, awe Adu au Nairobi.

Bunge lina uwezo wa kukaa faraghani. Kamati ya Ulinzi inaweza, mara moja kwa mwaka, kumtaka Katibu wa Wizara alete majibu ya maswali matatu kwa kila ununuzi mkubwa: kimefika? Kinafanya kazi? Wapo watu waliofunzwa na vipuri vya kukiendesha? Majina ya silaha yafutwe kwa wino mweusi kama ni lazima, kisha hesabu itangazwe hadharani: vilivyolipiwa ni vingapi, vinavyofanya kazi ni vingapi. Jasiri hatimaye ilifika Mtongwe ikaingia kazini. Kama jedwali la namna hiyo lingekuwapo 2006, swali la kwanza lingeulizwa miaka 6 kabla meli haijafika.