Sinema ya Udongo na Waya

Iko kauli inayosikika mara nyingi vinywani mwa vijana, na hata vinywani mwa wazee wao. Husemwa kwamba sinema ni kazi ya mataifa tajiri. Na kwamba mwanafunzi anayekaa nyumbani akifinyanga sanamu za udongo, akizisogeza na kuzipiga picha ili zionekane zinatembea, anapoteza wakati wake kwa mchezo wa watoto. Kauli hii ina makosa mawili, na yote mawili yana madhara.

Tazama kwanza kazi yenyewe ilivyo. Sanamu haina uhai. Mtengenezaji huisimamisha mezani, huipiga picha moja, huusogeza mguu wake kwa upana wa punje ya mtama, huipiga tena, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Picha hizo zikipitishwa upesi, jicho hudanganyika na sanamu huenda. Sinema ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Afanyaye kazi nyumbani aweza kupiga 12 tu, kila moja ikaonyeshwa mara mbili. Hata hivyo dakika moja yataka picha 720. Kamera ikitikisika, au wingu likipita mbele ya dirisha, kazi ya mchana kutwa huharibika. Mwaka 1982 Nick Park, mwanafunzi nchini Uingereza, alianza sinema ya mtu na mbwa wa udongo wanaokwenda mwezini kutafuta jibini. Ilimalizika mwaka 1989, nayo haifiki nusu saa. Je, huo ni mchezo wa watoto? La, hiyo ni shule ya subira, na ada yake ni ndogo.

Kosa la pili ni kulia kwamba hatuna vyombo. Mwaka 1910, mjini Kaunas katika Lithuania, iliyokuwa wakati ule chini ya Urusi, Władysław Starewicz alitaka kupiga sinema ya mbawakawa wanaopigana. Wadudu wale walikataa. Taa zilipowashwa walitulia kimya. Hakungoja mashine iliyo bora zaidi. Alitwaa mbawakawa waliokufa, akaifunga miguu yao kwa nta na waya, akawasogeza kidogo kidogo, nao wakapigana kama askari. Wala usiseme kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Moustapha Alassane wa Niger, nchi isiyotuzidi kwa mali, alitengeneza sinema za michoro tangu miaka ya 1960. Na mwaka 2001 alitoa Kokoa, ambamo wanyama waliotengenezwa kwa mkono hushindana mieleka kama wafanyavyo watu wa nchi yake.

Wewe msomaji umepungukiwa na nini? Udongo uko mtoni. Mtoto aliyepata kuunda gari la waya ajua tayari kuunda mifupa ya sanamu. Vitabu vilivyopangwa juu ya meza huishika simu isitikisike, na pazia nzito na taa moja huzuia mwanga usibadilike. Ni kweli kwamba si kila nyumba ina simu yenye kamera. Lakini simu moja ya mjomba, iliyoazimwa kwa adabu wakati wa likizo, yatosha vijana watano: mmoja afinyange, mmoja asogeze, mmoja apige, mmoja ahesabu, na mmoja atunge hadithi.

Siku hizi yuko mpinzani mwingine. Yeye husema kwamba akili bandia huchora sinema nzima kwa kuandikiwa sentensi moja, basi ya nini kujisumbua? Huyo afanana na mtu anayemlipa mwenzake amchezee mpira, kisha ashangae kwamba miguu yake haipati nguvu. Mashine itampa picha. Haitampa jicho la kuona jinsi bibi anavyoinuka kitini, wala mkono wa kuuiga mwinuko huo.

Jambo lililo hatarini ni kubwa kuliko mchezo. Watoto wetu huwajua mashujaa wa katuni za ng'ambo kuliko Sungura na Fisi wa bibi zao. Taifa linalotazama tu, bila kuonyesha, hujizoeza kuamini kwamba mambo ya maana hutokea kwingine. Hakuna mgeni atakayekuja kututolea hasara hiyo. Hadithi ya Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye mkuki haukumdhuru mwilini ila kivulini, yahitaji sanamu moja, taa moja na ukuta mweupe.

Basi usianze na dakika 10. Anza na sekunde 5, yaani picha 60. Haba na haba hujaza kibaba. Na akicheka mtu kwa kukuona umeinama mezani na udongo vidoleni, mwache acheke. Kisha mwite aje atazame sanamu yako ikitembea.