Siku ya Tatu Mpe Jembe

Juma hili tuongee habari za kitu cha bure. Mtu akisikia neno "bure" hufanya moja kati ya mawili: ama hukimbilia, ama hutia shaka. Baba akiambiwa na mwanawe aliyeko chuoni kwamba masomo yake yamo ndani ya programu ya kompyuta isiyonunuliwa, huuliza, "Basi nani anailipia?" Swali hilo ni zuri, tena lina jibu.

Programu hiyo huitwa Moodle. Mwalimu huweka masomo humo; mwanafunzi husoma, hujibu maswali, hupeleka kazi yake na kusahihishwa, hata wakiwa mbalimbali. Aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Australia. Utotoni alikaa jangwani, magharibi mwa nchi ile, mbali sana na shule. Alifundishwa kwa redio, na karatasi za masomo zililetwa kwa ndege. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Curtin, mjini Perth, na huko ndiko alikoanza kuiunda. Toleo la kwanza kamili lilitoka tarehe 20 Agosti 2002.

Hakuifungia sandukuni. Aliitoa kwa leseni iitwayo GPL, ambayo maana yake ni hii: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuifungua aone ilivyoundwa, kuibadili, na kumpa mwenzake. Lakini akiigawa pamoja na mabadiliko yake, yampasa awaachie wanaoipokea haki zile zile alizopata yeye. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliichagua mwaka 2005, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho huitumia.

Sasa nani analipia? Wengi, kila mmoja kidogo. Yako makampuni yanayowasimikia watu programu hii kwa malipo, nayo hupeleka sehemu ya mapato Perth, mafundi wa huko wapate mshahara. Wako walimu na mafundi wa nchi nyingine wanaotoa kazi ya mikono yao. Mmoja huona kosa akatoa taarifa. Wa pili hulirekebisha. Wengine huikagua kazi hiyo kabla haijaingizwa. Kila mwaka hutoka matoleo mapya mawili. Tena wako wanaofasiri maneno yake, neno moja moja, hata leo yapatikana katika lugha zaidi ya 100. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini wazazi, hapa ndipo nitakapo mnisikilize. Leseni haina bei, utunzaji unayo. Fikirini shule moja ya kijijini. Imepata kompyuta, na mwalimu kijana mwenye bidii ameweka Moodle katika kompyuta moja kubwa, nyingine zote zikasoma kutoka kwake, hata pasipo intaneti. Jambo hilo lawezekana kabisa. Watoto wanafurahi. Mwaka wa tatu mwalimu anahamishwa, wala hakumfundisha mwenzake. Siku moja umeme unakatika ghafula na mashine ile inaharibika. Alama za watoto, mazoezi yao, masomo aliyoyaandika mwalimu usiku kwa usiku, vyote vimekwenda. Nani wa kulaumiwa? Si programu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, shule yenu ikitaka kuanza jambo hili, msiulize bei peke yake. Ulizeni kwanza: nani ataitunza, yaani kuwaandikisha wanafunzi, kuweka matoleo mapya yanayoziba matundu ya wezi, na kuangalia kama mashine ni nzima? Pili: nakala ya akiba itafanywa lini, na itawekwa wapi? Isikae chumba kimoja na mashine yenyewe, maana moto mmoja huunguza zote mbili. Tatu: nani wa pili anayefundishwa kazi hiyo, ili wa kwanza akiugua au akihama, masomo yasisimame?

Na ninyi walimu, msidhani kuchangia ni kazi ya wazungu wa Perth tu. Mwalimu ajuaye Kiswahili safi aweza kuwasaidia watoto kuliko fundi wa mbali, kwa kufasiri maneno ambayo mtoto huyatazama asijue abonyeze wapi. Mwingine aweza kueleza vizuri kosa aliloliona. Mwingine aweza kuwagawia wenzake wa shule jirani somo aliloliandika.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumekula cha wenzetu siku mbili. Basi katika kikao cha wazazi, akija mtu na habari ya programu ya bure, mpokeeni vema. Kisha mwulizeni jembe liko wapi, na nani atalishika.