Baiskeli Ni Dawa, Lakini Njia Iko Wapi?

Msomaji, wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na kisukari huniambia hawana wakati wa mazoezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki kwa mtu mzima. Nusu saa ya baiskeli kwa siku tano inatosha: moyo hupata nguvu, na magoti hayabebi uzito wote wa mwili kama unapokimbia.

Lakini nitamshaurije mtu wa Voi aendeshe baiskeli kando ya barabara kuu ya Mombasa, akiyumbishwa na upepo wa malori? Sisi wa Werugha nasi tuna miteremko na kona kali, ambako baiskeli, watoto wa shule na matatu hugombania njia moja. Barabara ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilijengewa njia za baiskeli na za waendao kwa miguu. Mbona sisi tusijengewe? Kutia lami bila njia hizo ni kutuandalia majeruhi wa kichwa.

Huku tukidai haki hiyo, jilinde. Vaa kofia ngumu na nguo zinazoonekana kwa mbali. Kagua breki kabla ya kuteremka. Joto la Voi si mchezo: toka kukipambazuka, beba maji, unywe kabla koo halijakauka. Ukihisi kizunguzungu, shuka utafute kivuli. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Kinga ni bora kuliko tiba, na njia salama ni kinga pia.