Kuacha Jembe si Kuacha Mwendo

Wazee walisema kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na maneno hayo hayajachakaa. Mtu aliyelelewa shambani, akapata elimu na kushika kalamu, hudhani kwamba ameondokana na taabu ya mwili. Ni kweli mgongo wake umepumzika. Lakini moyo wake na mishipa yake ya damu imepoteza kazi iliyokuwa ikiitunza bila yeye kujua.

Tazama Thika na Ruiru. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na kwa miaka mingi sehemu hizo zilikuwa nchi ya kahawa na mkonge. Leo mashamba mengi yamejengwa nyumba, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji wa Ruiru ulikuwa na watu zaidi ya 490,000. Wengi huamka alfajiri, huketi katika matatu mpaka Nairobi, huketi ofisini kutwa, kisha huketi tena katika matatu mpaka nyumbani. Hata mkulima siku hizi aghalabu hupanda pikipiki kupeleka kahawa yake kiwandani.

Madhara ya mabadiliko hayo yamekwisha kuchunguzwa hapa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, madaktari waliwafuata Wajaluo waliohama vijiji vyao karibu na Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Haukupita muda mrefu, shinikizo la damu la wahamaji likawa juu kuliko la wanakijiji. Mkojo wao ulipopimwa ulionyesha kwamba walikula chumvi nyingi zaidi, na walipata kidogo madini ya potasiamu, ambayo hupatikana katika mboga, matunda na viazi.

Uingereza nako, mwaka 1953, Daktari Jeremy Morris alitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa wakikata tikiti, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva walioketi. Basi lilikuwa moja, na njia moja. Aliyesimama na kutembea ndiye aliyepata nafuu.

Ubaya wa shinikizo la damu ni kwamba halibishi hodi. Mtu hula, hucheka, hulala vema, kumbe mishipa yake inaumia, mpaka siku moja kiharusi kimwangushe. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha ya kuwa mtu mzima mmoja hivi katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja.

Yapasa kufanya nini? Kwanza, mtu atembee kwa haraka kiasi cha kumtoa jasho jembamba, dakika 30 kwa siku, siku tano kwa juma. Anayerudi Ruiru aweza kushuka kituo kimoja kabla ya kwake. Lakini avuke kwa daraja la waendao kwa miguu, kwa maana barabara kuu ya Thika, tangu ilipopanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, haina huruma kwa anayekatiza mbio.

Pili, chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na chipsi. Anayenyunyiza chumvi kabla ya kuonja chakula hulisha desturi, wala si njaa.

Tatu, chakula cha nyumbani kisidharauliwe. Githeri, nduma, viazi vitamu, managu na sukuma wiki ni chakula chema, na parachichi la Murang'a halihitaji kusafiri mbali kufika soko la Thika. Sukari ya chai ipunguzwe kidogo kidogo, nao ulimi utazoea.

Nne, tumbaku iachwe kabisa, pombe ipunguzwe, na usingizi upewe saa saba au nane.

Tano, kila mtu mzima apimwe shinikizo la damu, hata kama hana maumivu. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Na aliyepewa dawa asiache kuzimeza kwa sababu anajiona mzima. Huenda uzima huo umeletwa na dawa zenyewe.

Karo ya watoto, mkopo wa kiwanja na miche iliyopandwa, vyote hutegemea mikono ya mtu mmoja au wawili katika nyumba. Mikono hiyo ikipooza, kiwanja huuzwa kulipa gharama za hospitali. Dakika 30 za mwendo na kijiko kimoja cha chumvi si bei kubwa ya kuilinda nyumba.