Kitabu cha Matukio Kifunguliwe: Polisi na Haki ya Kujua Likoni, Kisauni na Changamwe

Katika kila kituo cha polisi, kuanzia Likoni ng'ambo ya kivuko hadi Kisauni na Changamwe, pana kitabu kikubwa kinachoandikwa usiku na mchana. Wananchi hukiita OB. Kwa Kiswahili ni Kitabu cha Matukio. Humo huandikwa aliyeibiwa, aliyepigwa, na aliyekamatwa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka mkuu wa kituo aweke kumbukumbu za malalamiko, majina ya waliokamatwa na makosa wanayoshtakiwa. Kwa hivyo, polisi hawaombwi waanze kuhesabu. Hesabu ipo. Kinachokosekana ni njia ya hesabu hiyo kumfikia mkazi wa Mtongwe, wa Mjambere au wa Chaani.

Takwimu za uhalifu zinazochapishwa kila mwaka huitaja Mombasa kama kaunti moja. Ndani ya tarakimu hiyo moja kisiwa na bara huchanganywa, na nyumba za kifahari za Nyali huhesabiwa pamoja na vichochoro vya Kisauni. Palipo na pengo la habari, uvumi huingia na kuketi. Afisa husema Kisauni ni pango la vijana wenye mapanga. Vijana nao husema polisi huwazoa katika misako ili wawakamue. Kauli zote mbili hutolewa kwa uhakika mkubwa, na aghalabu hakuna anayeweza kuzipima kwa tarakimu za kituo chenyewe.

Miongoni mwa tarakimu zinazofaa kutangazwa, moja ina uzito kuliko nyingine zote, nayo ni tofauti kati ya waliokamatwa na waliofikishwa mahakamani. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinaagiza kwamba aliyekamatwa apelekwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa kawaida kabla ya saa 24 kupita. Chukulia mfano wa kubuni: kituo kimekamata vijana 60 katika msako wa usiku mmoja, kisha kikafikisha 9 mbele ya hakimu. Je, wale 51 walikwenda wapi? Huenda walihojiwa wakaonekana hawana kosa, na hilo ni jema. Huenda waliachiliwa kwa dhamana ya polisi. Huenda pia jamaa zao walitoa kitu kidogo. Tarakimu pekee haithibitishi hongo. Hata hivyo, tofauti kama hiyo ikijirudia mwezi baada ya mwezi katika kituo kimoja, na isionekane katika kituo jirani, basi lipo swali ambalo mkuu wa kituo hana budi kulijibu mbele ya watu anaowahudumia.

Likoni inaijua vyema gharama ya habari kufungiwa. Tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kutwaa bunduki. Machafuko yaliyofuata yakaua watu wengi na kuwahamisha maelfu. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998, ilipokea ushahidi kwamba dalili za shambulizi zilikuwa zimewafikia watu wa usalama mapema. Ripoti yake ilikabidhiwa serikali mwaka 1999, lakini umma haukuisoma hadi 2002. Tena, tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, abiria waliokuwa wakingoja kivuko cha Likoni walipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi; nchi iliyajua hayo kwa picha zilizosambaa.

Mzito zaidi ni mkasa wa wasiorudi nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilichapisha ripoti kuhusu mauaji na kutoweka kwa watu Pwani tangu 2012. Liliorodhesha visa 81, na 24 kati yake ni vya waliotoweka. Ni ajabu kwamba hesabu ya aina hiyo iliachiwa shirika la kiraia. Lugha yenyewe imekwisha kuitikia hali hii: siku hizi mtu wa namna hiyo hasemwi 'amepotea', bali 'amepotezwa'. Kauli ya kutendeshwa inamdai mtendaji, na mahali pa kwanza pa kumtafuta ni kumbukumbu za kituo: nani alikamatwa, na nani, saa ngapi.

Sheria ya kudai habari hizi ipo tayari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Kifungu cha 244 kinaitaka Huduma ya Polisi idumishe uwazi na uwajibikaji. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo ni saa 48. Tena ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika anapaswa kuandikiwa na afisa. Jambo hili halijatangazwa vya kutosha hata miongoni mwa wasomi wa Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba takwimu zitazipaka matope Kisauni na Likoni. Mitaa hiyo imekwisha kupakwa matope bila takwimu. Wengine watahofia usiri wa raia, na hofu yao ina msingi: aliyebakwa au aliyeshukiwa bure hastahili kuanikwa. Ndiyo sababu kinachodaiwa ni idadi, si majina. Jina ni haki ya familia inayomtafuta mtu wake. Pingamizi kubwa ni kwamba kitabu chenyewe huweza kughushiwa. Ni kweli, lakini uongo uliotangazwa hukanushika. Mama aliyeripoti wizi mara tatu, kisha akaona kituo chake kimetangaza visa viwili tu vya wizi mwezi huo, atajua la kusema. Pia kituo chenye malalamiko mengi kisihukumiwe upesi kuwa kibaya. Pengine ndicho kinachosikiliza.

Afrika Kusini hutoa takwimu za uhalifu hadi kiwango cha kituo kimoja kimoja. Huko, wakazi wa Khayelitsha na watetezi wao walitumia tarakimu za mgawanyo wa polisi, na mwaka 2018 Mahakama ya Usawa ikaamua kwamba mgawanyo huo uliwabagua weusi na maskini. Mkazi wa Kisauni akiuliza ni polisi wangapi wanaolinda mtaa wake na wangapi wanaolinda Nyali, atajibiwa kwa tarakimu zipi?

Hatua ya kwanza haihitaji intaneti wala bajeti kubwa. Ubao mmoja nje ya kituo, kwa Kiswahili, kila mwisho wa mwezi: malalamiko yaliyopokelewa, waliokamatwa, waliofikishwa mahakamani, walioachiliwa bila mashtaka, na mara ambazo bunduki ilifyatuliwa. Chama cha Kiswahili chenye wanachama kutoka Likoni na Changamwe kinaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kuomba tarakimu hizo tano, kikaifikisha kituoni na kudai nakala iliyopigwa muhuri, ili siku 21 zianze kuhesabiwa.