Hofu Haiombewi Radhi

Imeenea katika zama zetu dhana moja ambayo, kwa kurudiwarudiwa na watu wenye elimu na kalamu nzuri, imekaribia kupewa cheo cha ukweli usiohitaji ushahidi: kwamba filamu za kutisha, ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa burudani ya wajinga na wavulana watoro, zimepata akili katika miaka kumi na ushei iliyopita, na kwamba zimeipata kwa kuiacha hofu nyuma na kushika mambo yanayodhaniwa kuwa makubwa zaidi, kama vile huzuni, ubaguzi, vita na uhamiaji. Wakosoaji wa Marekani na Uingereza wamezibunia filamu hizi jina la heshima, wakiziita za kutisha za daraja la juu; na dhana yenyewe imevuka bahari ikafika kwetu, hata kijana wa Dar es Salaam au wa Mombasa humpendekezea mwenziwe filamu kwa kumwahidi kuwa hii, tofauti na nyingine, ina maana. Naipinga dhana hii kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ni dhuluma kwa waliotangulia, ni upotofu juu ya walio hai, na zaidi ya hayo inatokana na kutofahamu hofu ni kitu gani na humtendea nini mwanadamu.

Nianze na waliotangulia, maana dhuluma yao ni kongwe. Kijana George Romero na wenziwe wa Pittsburgh, kwa fedha zilizozidi kidogo tu dola 100,000, walitengeneza Night of the Living Dead, filamu isiyo na rangi juu ya maiti wanaofufuka na kula watu, ikatolewa mwaka 1968. Shujaa wake, Ben, aliigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, na Romero alieleza baadaye kwamba alimchagua kwa kuwa miongoni mwa waliojaribiwa hakuna aliyemshinda. Ben anapigania uhai usiku kucha ndani ya nyumba iliyozingirwa, anawaona wote aliokuwa nao wakiangamia, anaokoka. Na asubuhi ilipochomoza, na mtazamaji alipokwisha kushusha pumzi, kundi la raia wazungu wenye bunduki linamwona dirishani, linampiga risasi ya kichwa, na mwili wake unaburutwa na kutupwa juu ya kuni pamoja na miili ya maadui zake. Romero alisimulia kwamba walikuwa ndani ya gari wakiipeleka filamu hiyo New York redio ilipowapa habari ya kuuawa kwa Martin Luther King. Anayetuambia leo kwamba filamu za kutisha zimejifunza juzi kuutazama ubaguzi wa Marekani, ama hakuiona kazi hii, ama aliiona akazibwa macho na maiti wake.

Tena miaka 14 kabla ya hapo, tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yenye sumu yakawaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa katika jahazi lao la kuvulia jodari, Daigo Fukuryū Maru. Kabla mwaka haujaisha, Ishirō Honda aliwaonyesha Wajapani Gojira, inayojulikana ulimwenguni kama Godzilla, ambayo huanza kwa chombo baharini kuteketezwa na mwanga mkali usiojulikana utokako, na ambayo humleta mnyama aliyeamshwa na majaribio ya mabomu kuuchoma moto mji wa Tokyo mbele ya watu waliokuwa bado wanakumbuka harufu ya mji huo ukiungua kwa kweli. Filamu hiyo ilipoletwa Marekani mwaka 1956, mengi yaliyohusu bomu yalikatwa, akatiwa ndani mwigizaji Raymond Burr kama mwandishi wa habari, na kilichobaki kikawa mnyama anayekanyaga majumba. Wamarekani hao ndio waliokuja kusema baadaye kwamba filamu za namna ile hazikuwa na fikra. Ningeweza kuongeza Cat People ya mwaka 1942, ambayo Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur waliifanya kwa fedha haba chini ya jina walilopewa na kampuni hata kabla ya hadithi kuandikwa, wakamficha mnyama kivulini na kumweka mwangani mwanamke anayeiogopa nafsi yake. Lakini hoja yangu iliyo kubwa haihusu tarehe.

Hoja iliyo kubwa ni kwamba wanaozisifu filamu mpya kwa namna hii huigawa kazi mafungu mawili, la hofu na la maana, kisha huichukulia hofu kama ganda linalomenywa na kutupwa ili kokwa lipatikane. Get Out ya Jordan Peele, iliyotoka mwaka 2017 na kumpa mtungaji wake tuzo ya Oscar ya muswada asilia, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata katika fungu hilo, ndiyo inayotangulizwa kila dhana hii inapotetewa. Nami sina ubishi juu ya ukubwa wake. Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London wa wazazi wa Uganda, ni Chris, kijana anayekwenda kujulishwa kwa wazazi wa mchumba wake mzungu, akagundua kwamba ukoo ule huuza miili ya watu weusi kwa wazungu wazee na wagonjwa, ambao bongo zao hupandikizwa humo, huku mwenye mwili akiachwa amezama kizani, anaona yote na hawezi kutenda lolote. Msomaji wa Tanzania, aliyekua akisikia habari za misukule, hahitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Wimbo unaosikika majina ya watengenezaji yanapopita mwanzoni mwa filamu, Sikiliza Kwa Wahenga, uliotungwa na Michael Abels, unaimbwa kwa Kiswahili, na maudhui yake ni onyo la wazee kwa kijana kwamba akimbie ajiokoe. Katika kumbi za Marekani wengi mno waliusikia kama sauti za ajabu zisizofahamika. Sisi tulikabidhiwa onyo zima kabla safari haijaanza. Lau thamani ya filamu ya kutisha ingekuwa katika maana iliyositirika, basi sisi tuliofunguliwa siri mlangoni tungekaa kwa utulivu, kama wasomao taarifa ambayo mwisho wake wameujua. Walakini haikuwa hivyo hata kidogo. Kujua kuliizidisha hofu, kwa sababu tangu hapo kila tabasamu la wenyeji wale, kila kikombe cha chai na kila mlio wa kijiko kikombeni, tulivipokea kama watu waliosikia na ambao hawawezi kumfikishia habari aliye hatarini.

Na mwishoni, Chris akiwa barabarani katikati ya damu, ameinama juu ya binti aliyemsaliti, taa nyekundu na buluu za gari zinammulika, na ukumbi mzima hushikwa na fadhaa: watu ambao maishani mwao polisi ni wokovu, kwa nukta chache humwona polisi kama mauti, kwa kuwa katika nukta hizo wamekaa ndani ya mwili wa mtu mweusi. Anayeshuka garini ni rafiki yake. Na yajulikana kwamba Peele alikuwa amepiga mwisho mwingine ambamo polisi ni wa kweli na Chris anatiwa gerezani. Hotuba elfu juu ya uadilifu wa polisi hazikupata kufanya kilichofanywa na taa zile. Hapo hofu haikuifunika fikra. Ndiyo iliyofikiri, na ikamlazimisha mtazamaji kufikiri kwa moyo unaodunda jambo ambalo kwa akili iliyotulia angelikataa.

Katika zote za miaka hii, niipendayo kupita nyingine ni Under the Shadow ya Babak Anvari, ya mwaka 2016, inayosemwa kwa Kiajemi na iliyopigwa nchini Jordan, ingawa hadithi yake ni ya Tehran wakati wa vita vya Iran na Iraki, mji uliponyeshewa makombora. Shideh, mwanamke aliyekatazwa kurudi kusomea udaktari kwa sababu ya siasa zake za siku za mapinduzi, amebaki na binti yake mdogo katika jengo ambalo jirani baada ya jirani analihama, mume wake daktari amepelekwa kwenye mapigano, na kombora limetoboa dari ya ghorofa ya juu bila kulipuka. Mtoto anasema kuna jini aliyeingia na upepo, na mwanasesere wake haonekani. Usiku mmoja mama anatoka mbio na mwanawe mikononi kwa woga usio kifani, na wanaokutana naye barabarani hawamuulizi kilichomkimbiza. Wanamkamata kwa kuwa kichwa chake ki wazi.

Wako walioandika kwamba jini yule ni majazi ya vita, au ya utawala uliomvika mwanamke shuka asiyoitaka, wakadhani kwa kusema hivyo wameikweza filamu. Kwa insafu yote naona wameibomoa. Shideh ni mtu wa elimu asiyeamini mambo ya majini. Kila mwenye mamlaka juu yake, mume, chuo, serikali, humwambia kwamba ayajuayo hayapo na aonayo hakuyaona. Na kitisho cha filamu ni kwamba safari hii anachokiona kipo. Ukimfuta jini ukaweka majazi, Shideh anageuka mgonjwa wa fikra, na wote waliomkanusha wanakuwa wasema kweli. Sisi wa pwani, ambao kwetu majini ni viumbe waliotajwa katika Kurani hata wakapewa sura yenye jina lao, ya 72, tunaketi mbele ya filamu hii tukiwa karibu zaidi na mtungaji wake kuliko mkosoaji anayetafuta nini kimefichwa chini ya shuka. Vivyo hivyo katika Hereditary ya Ari Aster, ya mwaka 2018: Toni Collette anaomboleza kwa namna inayomkata mtu ini, na wengi husema ni filamu ya msiba tu, lakini Paimon, shetani mfalme, yumo ndani yake tangu mwanzo, anaabudiwa, na mwisho anatawazwa, na msiba ule unauma hivyo kwa sababu kuna aliyeupanga.

Dhana hii mbovu ina madhara, kwa kuwa watengenezaji nao huiamini. Candyman ya Bernard Rose, ya mwaka 1992, inamchukua msomi mzungu, Helen, anayechunguza mauaji katika majumba ya maskini ya Cabrini-Green mjini Chicago, na kumfanya agundue kwamba jengo lake la kifahari lilijengwa kwa ramani ile ile, kisha likapakwa plasta na kuuzwa kwa wenye nafasi. Anakiondoa kioo cha bafuni, na nyuma yake hakuna ukuta wa kumlinda. Ilipofufuliwa mwaka 2021 mikononi mwa Nia DaCosta, ambaye jicho lake ni zuri, watu waliketi kwenye chakula wakaelezana kwa ufasaha jinsi mitaa ya maskini inavyonyimwa riziki hadi iporomoke na kukabidhiwa matajiri. Maneno yote yale ni ya kweli, wala hayakumtoa mtu jasho. Bibi zetu waliotusimulia ngano za mazimwi hawakukatiza hadithi ili watufahamishe kwamba zimwi ni njaa au ni bwana mkorofi; walituacha na zimwi gizani.

Kwa upande wa walioikataa dhana hii kwa matendo, namtaja Remi Weekes na His House yake ya mwaka 2020. Bol na Rial, mume na mke waliokimbia vita Sudan Kusini, wamepewa nyumba chakavu Uingereza kwa sharti la kutohama, na ndani ya kuta zake anaishi mchawi wa usiku aliyewafuata ng'ambo, akimdai Bol deni. Mtazamaji mwema huingia akidhani atawahurumia wakimbizi, jambo ambalo halimgharimu kitu. Halafu anaonyeshwa kwamba binti waliyempoteza baharini hakuwa wao, kwamba Bol alimnyakua kutoka kwa mamaye ili apate nafasi ndani ya basi lililowaokoa. Huruma ya kawaida haiwezi kukibeba kisa hicho. Ilihitajika hofu, ambayo inamwajibisha mkimbizi kama mtu kamili, mwenye dhambi yake na uchaguzi wake. Na Sinners ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025, imeushika mwiko mkongwe, kwamba mnyonya damu haingii mpaka akaribishwe, ikauweka mlangoni pa ukumbi wa muziki wa watu weusi wa Mississippi mwaka 1932, ambapo yule aliye nje anawaahidi udugu usio na ubaguzi, kwa bei ya nyimbo zao na nafsi zao. Hakuna kilichohitaji kuinuliwa daraja. Sheria ya kale ya hadithi za kutisha ilitosha kubeba swali zito.

Kwamba filamu za kutisha zilizo mbovu ni nyingi, nakiri. Mbovu ni nyingi katika kila jinsi ya sanaa, wala hakuna anayehukumu ushairi kwa tungo za hovyo. Lakini ushairi haulazimishwi kukana jina lake kila unapofanya vizuri. The Silence of the Lambs, iliyotwaa Oscar ya filamu bora ya mwaka 1991, iliposhinda ilipewa majina mengine yote ila la filamu ya kutisha. Na mwaka 2019 Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, aliigiza katika Us ya Peele wanawake wawili wenye sura moja, mmoja aliyekulia juani na mwingine aliyekulia chini ya ardhi, akampa yule wa chini sauti inayotoka kooni kana kwamba kila neno linapita penye jeraha, na akawakutanisha hao wawili sebuleni, uso kwa uso, hata mtazamaji akasahau kwamba anamtazama mtu mmoja. Wakosoaji wa New York walimpa tuzo yao ya mwigizaji bora wa kike. Wapiga kura wa Oscar hawakumteua hata kuwania, kama ambavyo hawakumteua Collette kabla yake. Na nashikilia kwamba wote wawili walinyimwa haki yao kwa sababu kazi yao ilitisha.