Sefu la Marehemu: Liwekwe au Liuzwe?

Katika nyumba za watumishi wa zamani huonekana mara kwa mara sefu la chuma, lililonunuliwa mnadani ofisi fulani ilipofungwa. Mwenye nyumba akifariki, ufunguo haujulikani ulipo. Mjane ametakiwa kuhama nyumba ya serikali, na mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kufika mlangoni na mizani yake.

Sefu lililofungwa lisiuzwe kamwe. Huenda hati ya kiwanja au karatasi za kiinua mgongo zimo ndani, na anayenunua kwa kilo hatazirudisha. Kijana wa kambini akijitolea kukipiga kitasa risasi, akatazwe: risasi huruka na kurudi, na kitasa kilichovunjika hukwamisha makomeo. Aitwe fundi wa vitasa, wazee wa ukoo wakiwapo, na kila kitakachotoka kiandikwe.

Mlango ukifunguka, itazamwe sahani ya shaba yenye jina la kiwanda. Nduguze Chubb wa Portsmouth, Uingereza, walitengeneza kitasa chao mwaka 1818, baada ya wizi katika bandari ya jeshi la wanamaji mjini humo. Mwizi akikichokoa, wenzo mmoja hukwama, na mwenye mali hujua kuwa kimeguswa. Ilisadikiwa kuwa hakichokoleki, hata Mmarekani Alfred Hobbs alipokifungua London mwaka 1851. Naye Milner wa Liverpool alizijaza kuta za sefu vumbi la mbao na shabu. Moto ukiwaka, shabu hutoa maji yake yakawa mvuke, na karatasi za ndani hukawia kuungua. Ni akili njema sana kwa vitu vilivyopatikana sokoni!

Lakini ujazo huo huchakaa. Shabu ikipata unyevu hula chuma, na hati zilizolazwa humo huota ukungu. Kwa hiyo sefu la miaka themanini lisitumainiwe mbele ya moto kama lilipokuwa jipya, na nakala za hati ziwekwe penginepo. Baadhi yana asbestosi. Kutoboa kuta zake ni kujivutia vumbi la kuua mapafu. Mengine ya Marekani yalitiwa nyuma ya kitasa vichupa vya kioo vyenye dawa kali ya kutoa machozi. Kichupa kikionekana, watu watoke nje na polisi waarifiwe.

Penye watoto wadogo, mlango usiachwe wazi hata kidogo, kwani ndani hewa ni haba. Wasioweza kuuchunga na walitoe.

Lenye ufunguo wake, sahani yake na rangi yake ya asili lastahili kuwekwa, ikiwa sakafu ni ya saruji. Likiuzwa, liuzwe kama sefu, kwa mtu mwenye duka, wala si kwa kilo. Lisipakwe rangi mpya kwanza. Wanaopenda vitu vya kale huikimbia. Kulihamisha kwataka vipande vya mabomba ya kuviringishia na wanaume sita, na asiwepo mtu upande wa chini wa mteremko.